Meno ya Kutafunia Ndafu

Jumatatu, 1 Septemba. Tabata.

Jumamosi ni send-off ya Gladness, tunamuaga kabla ya harusi! Binti wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka minne. Kwa hiyo akikata ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, kipande cha kwanza ni cha mjomba. Mie! Nitafune mbele ya watu mia tatu, nimeze, ukumbi ulipuke vigelegele.

Tatizo ni moja. Meno yamekwisha. Mke wangu Jesca anasema nikilala nasaga kama mashine ya nafaka. Leo nimejitazama kwenye kioo. Ya mbele yamebaki vishina.

Jumanne, 2 Septemba.

Nimekwenda kwa Daktari Apolonia, mtaa wa pili. Mama mkali. Kasema meno yamelika mpaka taya la chini limepanda, ndiyo maana kidevu changu kinaitafuta pua. Yanatibika, lakini polepole: kwanza atayapandisha yote kwa meno ya majaribio, ya mbele na ya nyuma yakutane sawasawa. Taya likizoea, ndipo aweke ya kudumu. Miezi miwili! Nikamwambia nina siku nne. Akasema basi Jumamosi ninywe uji.

Jioni kikao cha kamati. Mwenyekiti ni shemeji yangu Ansbert, kaka wa Jesca. Kaona sijagusa karanga. Kwa upole wa kinafiki kasema kama mjomba hajisikii vizuri, yeye yuko tayari kupokea kipande. Ansbert! Aliyemwona Gladness mara ya kwanza akiwa kidato cha pili! Nimekasirika hadi nimesaga meno. Nadhani yamepungua tena.

Alhamisi, 4 Septemba.

Nimepata akili! Jesca ana saluni. Anabandika kucha bandia: unga kidogo, dawa kidogo, dakika tano kucha ngumu kama kigae. Kinachoshika kwenye kidole kitashindwaje kwenye jino? Kaenda sokoni, nami nimejihudumia. Nimejenga sita ya mbele, juu. Ya nyuma hayaonekani, ya nini kujisumbua? Harufu imenitoa machozi. Lakini kioo! Kijana wa miaka thelathini! Moja limetoka na vimeta vya pinki. Kwa mbali hakuna atakayeona.

Ijumaa, 5 Septemba.

Ya mbele yanagongana, ya nyuma hayagusani kabisa. Chakula kinazunguka mdomoni kama mgeni asiyejua nyumba. Wali nimemeza mzima.

Sikati tamaa. Nimemfuata Albano, mchoma ndafu. Atafukia kipande cha ini laini begani mwa mbuzi, upande wa kulia, pale Gladness atakapokata. Gladness nimemwambia tu kwamba bega ndilo lenye baraka.

Jumamosi, 6 Septemba.

Balaa! Dakika ya mwisho Ansbert kageuza sinia ili mpiga picha apate uso wa mbuzi. Bega la kulia likaenda upande wa pili. Gladness kakata la kushoto. Nyama ngumu! Nikang'ata, nikavuta. Nyama ikabaki mkononi mwake, na meno yangu sita yakabaki kwenye nyama, yamejipanga vizuri, la pinki linameta kwenye taa. Ansbert kacheka mpaka kaegemea keki.

Gladness hakucheka. Kakiweka pembeni kile kipande, kachambua kingine nyuzi nyuzi kwa vidole vyake, kanilisha.

“Mjomba, taratibu,” kaniambia. “Wangoje tu.”

Nililia mbele ya watu mia tatu. Wala sioni aibu.

Jumatano, 10 Septemba.

Daktari Apolonia kakwangua mabaki nusu saa nzima. Ufizi umevimba. Kisha masharti: nivae kinga ya plastiki nikilala, matibabu yaanze wiki ijayo, na nisiuguse tena mdomo wangu mwenyewe. Nimeapa.

Jioni nani kabisha mlango wa uani? Ansbert, kafunika mdomo kwa leso. Kajiona kwenye video ya sherehe, akicheka. Meno yake ya chini yamelika kuliko yangu! Na harusini ndiye mtoa nasaha. Kaniita braza. Kauliza ule unga unapatikana wapi.

Nimemweleza kosa langu lilikuwa kujenga ya mbele peke yake. Yeye nitamjengea yote. Aje kesho saa nne, Jesca akishatoka.

Daktari kanikataza kugusa mdomo wangu. Wa Ansbert hakuutaja.