Malango ya Bi Treloar

Ijumaa, 10 Oktoba

Daktari amemkataza baba kuendesha gari kuanzia mwezi ujao. Macho yamechoka. Ufunguo wa gari lake kuukuu utapewa mmoja wetu: mimi, mhitimu wa falsafa niliyerudi juzi kutoka Adelaide, au dada yangu Bronte, ambaye husoma maandishi ya kwenye makopo tu. Kesho tunakwenda wote hifadhini, na baba amesema njiani ataona nani ana akili ya barabara. Bronte ataendesha kwenda, mimi kurudi. Nimeandaa hotuba juu ya umri wa miamba. Naona shauri limekwisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Anayekaa kando ya dereva ndiye mfungua malango, na njia ya hifadhini hukatiza shamba la jirani yetu, Bi Treloar, lenye malango mengi kuliko kondoo. Nikawahi kiti cha nyuma, nikalalamikia goti. Bronte akauliza lipi. Nikataja la kulia, huku nimeshika la kushoto. Mama akacheka hadi akamwaga chai. Nikahamishiwa mbele.

Lango la mwisho tulilikuta wazi. Baba alikuwa amesinzia. Nikalifunga. Bronte akadai lango huachwa lilivyokutwa. Nikamthibitishia, kwa hoja tatu, kwamba lango lililo wazi ni ua uliotoboka. Akasema, “Haya profesa, panda, tusije tukazeekea hapa.”

Tulipofika kwenye korongo la hifadhini, nilihutubu. Baba akauliza kama miamba hiyo ingemruhusu ale mkate wake kwanza. Kisha akamwuliza mama, polepole, iwapo wale kangaruu wadogo bado hukaa juu ya kingo. Walikuwa mbele yake kabisa. Nilianza kutaja jina lao la kisayansi. Bronte akamshika mkono tu, akaunyoosha kuelekea walipo, akamweleza kila mmoja anafanya nini. Nilisahau sentensi yangu, jambo lisilonitokea mara nyingi.

Tuliporudi, kondoo walikuwa wamejazana kwenye lango langu, ndimi nje, na jua halina huruma. Hodhi la maji lilikuwa upande wa pili. Baba alishuka mwenyewe, akalipapasa komeo, akafungua. Alisimama hadi wa mwisho alipokunywa. Kisha akaniambia kesho niende peke yangu kwa Bi Treloar kuomba radhi, na habari ya ufunguo itafuata.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeomba radhi kwa ufasaha. Bi Treloar alisikiliza yote, akanipa keki, akasema, “Mwanangu, kondoo wangu hawajaenda chuo.”

Njiani nimetafakari kwa dhati. Kosa langu halikuwa kubishana. Lilikuwa ukosefu wa huruma. Basi nilipofika lango la pili, ambalo wakati wa kwenda nililikuta limefungwa nikalifunga tena bila kufikiri, niliyaona madume ya kondoo yenye pembe kubwa, yametengwa peke yao, yakiwatazama majike ng’ambo ya pili kwa huzuni isiyoelezeka. Nililifungua wazi kabisa. Yalipita kwa haraka ambayo ni shukrani tupu.

Simu imelia sasa hivi. Ni Bi Treloar. Baba ananiita kwa majina yangu yote matatu, sauti imemjaa hisia. Nachana nywele kwanza. Ufunguo haupokelewi ovyo.