Mtu Aliyejificha Ndani ya Visikizi Vyako

Gesima, Jumatano

Kwa Ndugu Mogire,
Duka la Vifaa vya Simu, Magwagwa.

Ndugu yangu Mogire,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini duka halijambo. Mimi ni Alfayo Omwenga, mkulima wa chai na mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa letu la Sabato kwa miaka ishirini na minane. Nakuletea malalamiko kwa mkono wa binti yangu Marion, pamoja na jozi tatu za visikizi vya masikioni nilizonunua kwako. Si vya bei ya kutupa wala si vya waheshimiwa. Ni vya katikati, kama sisi wenyewe.

Ujue kwamba mwalimu wetu wa kwaya, Omosa, hurekodi mazoezi kwa simu, kisha kila mtu husikiliza nyumbani na kujikosoa. Makambi ya Agosti, ile mikutano mikubwa ya kanisa, yanakaribia, na waimbaji wanane wa besi lazima wabaki wanne. Nisipoimba makambini, kwa kweli sijui nitaketi wapi. Basi nilivijaribu visikizi nikichuma chai, nikapata haya:

1. Vyekundu. Vinadunda kama mtu anatwanga mahindi mlango wa pili. Damaris wa sauti ya kwanza anasikika kana kwamba anaimba akiwa mbali kule Birongo. Hilo ningelisamehe, lakini ndani ya besi kuna mwanamume anayepotea njia kila ubeti.

2. Vyeupe. Hapa Damaris amerudi, na hata jogoo wa jirani wa kanisa anasikika. Yule mwanamume naye anasikika zaidi. Anamaliza wimbo wenzake wakiwa wameshaketi.

3. Vyeusi. Kwa haki, sauti ni safi: nasikia hadi kurasa za kitabu cha nyimbo zikifunuliwa. Ndiyo maana nimekasirika. Mtu huyo sasa yuko katikati ya kichwa changu, analia kama ndama aliyetengwa na mamake, wala haoni haya.

Nilimpa mke wangu Nyakerario asikilize, awe shahidi. Alisikiliza, akanirudishia, akaenda kukama ng'ombe saa saba mchana.

Utaniambia mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi simsingizii mtu, ingawa Obadiah, mwenzangu wa besi, husimama karibu nami na nimeshamshauri ajiuzulu. Lakini kampuni tatu kuweka mtu yuleyule ndani ya bidhaa zao, hiyo ni njama. Naomba unibadilishie vyote kwa vingine visivyo na huyo mtu, au uwaandikie watengenezaji wamtoe kabla ya Agosti.

Wasalimie wa nyumbani wote, na yule fundi wa simu anayeketi mlangoni pako.

Wako katika imani na katika besi,
Alfayo Omwenga

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa nikashikwa na mafua, kwaya ikarekodi bila mimi. Nimesikiliza kwa jozi zote tatu. Yule mtu hayupo. Wimbo ni mtamu, Mogire, mtamu hadi nimelia humo humo kwenye chai. Obadiah nimemwomba msamaha, na Omosa nimemwambia makambini mimi nitashika simu ya kurekodi. Kwa hiyo Marion akifika, pokea vyekundu na vyeupe tu. Vyeusi nimebaki navyo.