Nyasi Zinatibiwa

Jumatatu, 4 Machi

Mkurugenzi wa Michezo kaniita ofisini. Nimekwenda roho mkononi, nikidhani ni ile ngazi niliyoisahau katikati ya uwanja wa kikapu. Siyo! Mwisho wa mwezi wakaguzi watazunguka viwanja vyote vya chuo. Wakiridhika na nyasi za uwanja wa mpira, nanunuliwa mashine ya kukatia nyasi. Ya kukalia! Ina usukani. Ina kiti. Ina hata mahali pa kuweka chupa ya maji. Miaka yote nimeisukuma ile kuukuu kama mtu aliyezimikiwa na gari, na wanafunzi wakipita wananipa pole.

Kikwazo ni kimoja. Mbele ya goli la upande wa bwalo pana kipara. Hapaoti kitu. Na chanzo cha kipara ni wanafunzi, ambao wamekazania kucheza mpira kwenye uwanja wa mpira.

Jioni nimetundika kibao getini, herufi nyekundu: UWANJA UMEFUNGWA. NYASI ZINATIBIWA. WIKI MOJA TU. Kimependeza sana.

Jumanne, 5 Machi

Kocha kaja na timu nzima na mfuko wa mipira. Kasoma kibao, kauliza nyasi zinaumwa nini. Nikasema ukungu. Akauliza ukungu gani. Nikasema ule unaopanda kwa njumu za viatu. Akauliza kama unadhuru binadamu. Nikasema uchunguzi unaendelea. Wachezaji wawili wakaanza kujikagua nyayo.

Kipa, kijana mrefu mwenye heshima zake, kaniamkia vizuri, halafu kaniomba asimame golini tu, bila kusogea. Nikamwambia kipa asiyesogea ni mwamba wa goli, na wa kwangu ninao tayari. Wakaondoka. Kocha kageuka nyuma mara kadhaa. Hajaamini. Shauri yake.

Jumatano, 6 Machi

Mbegu nilizomwaga kwenye kipara zimeliwa na ndege. Zote! Wamekuja wakaita na ukoo wao.

Njia nyingine ni kupandikiza nyasi zilizokwisha kukomaa. Nyasi nzuri kuliko zote chuoni ziko mbele ya ofisi ya Mkurugenzi. Nene, laini, zimelelewa. Nimefika mapema kabla ya makarani, nimekata kipande kwa sepetu, nimekibeba kwa toroli nikakifunika gunia. Mlinzi kauliza nimebeba nini. Nikasema mgonjwa.

Kipande kimekaa kwenye kipara kama kofia iliyoshonewa kichwa hicho. Nimekinywesha maji mpaka bomba likaanza kukohoa.

Ijumaa, 8 Machi

Mkurugenzi kagundua kipara mbele ya ofisi yake. Kafoka. Kasema aliyefanya hivyo atamwaga unga. Kisha kaniteua mimi nichunguze, kwa sababu ya uzoefu wangu.

Nimechunguza. Ni fuko. Nimeandika kwamba fuko huyo ni mkubwa, ana akili, na kwamba amekwisha kuhama. Mkurugenzi karidhika.

Jumanne, 12 Machi

Wiki moja imekwisha jana. Nyasi zimeshika! Nimepiga magoti nikazivuta kidogo, zikanigomea. Machozi yamenilenga, nakiri. Ningefungua uwanja, lakini ningefunguaje wakati ndio kwanza zinaonja maisha? Nimefuta MOJA na TU nikaandika CHACHE.

Kocha kasoma hilo neno jipya mbele yangu, kwa sauti, kama anayesoma hukumu. Kasema timu ina mashindano baada ya Pasaka na haijagusa mpira. Nikamwambia afya kwanza. Kawachukua vijana wake akawapeleka uwanja wa shule ya watoto ng'ambo ya barabara, ambako magoli yanamfika kipa kifuani. Nimewaona kupitia uzio. Kipa anadakia amechuchumaa.

Nimeshinda. Mbona sikucheka, sijui. Pengine uchovu.

Jioni nimemsimulia mke wangu. Kauliza kama hakuna anayecheza, hizo nyasi ni za nani. Nikamuuliza na makochi yetu ya sebuleni, aliyoyavika vitambaa na kuwakataza watoto wasikalie, ni ya nani. Kainuka kaenda jikoni. Hoja imempata! Chakula kimeletwa baadaye sana, na kilikuwa cha baridi.

Jumanne, 19 Machi

Siku ya heri. Kaja bwana mmoja wa ofisi ya mipango, ana kofia ngumu na futi ya kamba. Ni mmoja wa wakaguzi, katangulia kuangaliaangalia. Nimempokea kama mkwe.

Kauliza uwanja unatumika mara ngapi kwa wiki. Nikavuta pumzi nikamwambia, kwa fahari, kwamba tangu mwezi uanze haujakanyagwa na mtu. Hata ndege nawafukuza. Akaandika. Kauliza kama ni tambarare. Nikasema kama meza. Kauliza kama maji ya mvua yanatuama. Nikasema yaanze wapi, mifereji nimeizibua kwa mikono yangu. Kauliza udongo ni mgumu kiasi gani. Nikasema hapa lori linapita na lisiache alama. Hapo kaandika kwa haraka zaidi, na kutabasamu.

Kaniambia katika kazi yake yote hajapata kusaidiwa namna hii. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni nikijizoeza kukata kona kwa usukani. Mke wangu kauliza naendesha nini. Nikasema atajua.

Alhamisi, 21 Machi

Maegesho!

Wanataka kuufanya uwanja wangu maegesho ya magari! Mkurugenzi kanionyesha karatasi ya yule bwana. "Eneo tambarare, gumu, lenye mifereji, lisilotumika." Maneno yangu yote, hata moja halijapotea. Nikakaa bila kuambiwa kaa.

Nikamwambia Mkurugenzi yule bwana ni mwongo. Akaniuliza amedanganya wapi. Nikatafuta. Sikupata.

Kumbe wakaguzi hawaangalii nyasi peke yake. Wanaangalia pia eneo lipi halitumiki, maana magari ya wahadhiri hayana pa kukaa. Mkurugenzi hakunieleza hilo. Kasema sikuuliza. Uamuzi ni Jumatano ijayo, papo hapo uwanjani. Wakikuta watu wanacheza, maegesho yatapelekwa kule bondeni nyuma ya karakana. Wakikuta pametulia, basi. Kasema nihakikishe Jumatano hapajatulia.

Ijumaa, 22 Machi

Nimevuka barabara kwenda kumwangukia kocha. Kaniacha nisimame kwenye jua mpaka mazoezi yakaisha, nikiwa nimekumbatia kofia yangu. Halafu kauliza ukungu unaendeleaje. Nikasema umepona ghafla. Akataka niseme mbele ya timu kwamba hakukuwa na ukungu. Nimesema. Kwa sauti ndogo. Akataka nirudie. Nimerudia.

Lakini nilipomweleza habari ya maegesho, uso ukambadilika. Kasema na yeye alianza kucheza kwenye uwanja huohuo akiwa mwanafunzi, na kwamba timu haiwezi kuendelea kudaka imechuchumaa. Jumatano watakuja wote, na jezi. Kipa kaniuliza kwa adabu kama wataruhusiwa kukanyaga popote. Nikasema popote. Mdomo ulisema. Macho yalibaki kwenye njumu zake.

Jumatatu, 25 Machi

Nimechora mistari ya chokaa upya. Nimevuta kamba mara mbilimbili. Kibao nimekiondoa nikakificha stoo, nyuma ya nyavu. Usiku sijalala vizuri. Nawaza njumu.

Jumatano, 27 Machi

Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea, kwa kadiri nilivyoelezwa na waliokuwepo.

Asubuhi timu imefika. Wakaguzi wamefika, yule bwana wa mipango mbele, Mkurugenzi pembeni yake. Mpira umeanza. Wamecheza vizuri, wamepiga kelele za kutosha. Mkurugenzi kanikonyeza. Yule bwana kakunja uso, kakata kitu kwenye karatasi yake. Kukata! Nikajikaza kisabuni. Mikono nimeiweka nyuma, kiganja kimeshika kiganja. Mchezaji kateleza pale kati, kachimba. Nikafumba macho. Mwingine kachomoa kibendera cha kona kwa goti. Nikamwomba Mungu subira, akanipa.

Ndipo kipa akafanya lile jambo ambalo makipa wote hufanya. Alirudi golini, akasimama katikati ya miamba, akageuza kisigino akaanza kuchora mstari chini ili ajue katikati ni wapi. Akakwangua. Akakwangua tena. Palepale kwenye kofia ya kipara! Nimeona kipande cha nyasi zangu kikiinuka na mizizi yake, myeupe, michanga.

Baada ya hapo sikumbuki. Wanasema nilipiga filimbi ambayo hakuna aliyejua ninayo. Wanasema nilikimbia kasi kuliko winga yeyote wa siku hiyo, nikakwapua mpira, nikawafukuza wachezaji wote na kocha wao, nikiwauliza kama kwao hakuna nyasi. Eti nilimfukuza hata mkaguzi mmoja aliyeingia kuniuliza kuna nini. Nilipopata fahamu nilikuwa nimepiga magoti golini nashindilia kile kipande kwa kiganja. Uwanja ulikuwa mtupu. Kijani, safi, umetulia.

Yule bwana wa mipango alikuwa anaandika. Mkurugenzi alikuwa ameshika kichwa.

Alhamisi, 28 Machi

Taarifa imetoka na ina sehemu mbili. Ya kwanza: nyasi ni bora kabisa, ombi la mashine limepitishwa. Ya pili: eneo halitumiki, litakuwa maegesho.

Nimekwenda nyuma ya stoo nimelia. Nimelia kweli, si machozi ya kulenga. Kocha kanikuta huko. Nilitegemea anicheke, nikajiandaa. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kageuza ndoo kakaa juu yake. Kasema amefukuzwa kwenye nyasi nyingi maishani, na hizi zilikuwa nzuri kuliko zote. Nikamwambia asante. Kasema hakuwa ananisifu.

Tukakaa hapo mpaka kengele ya bwalo ilipolia. Kipa alipita akaniomba radhi kwa ajili ya kisigino. Yeye kuniomba mimi! Nikamsamehe.

Jumatatu, 20 Mei

Lami imekauka. Mimi ndiye msimamizi wa maegesho, nina koti la kung'aa.

Timu imeshatolewa mashindanoni. Kocha anasema vijana walisahau ukubwa wa goli. Sasa wamepewa bondeni, ambako mpira ukipigwa huku unakwenda wenyewe kule. Nikiwaona wanapanda na viatu mkononi, natazama pembeni.

Mashine imefika, nyekundu, imefungwa nailoni. Hakuna nyasi. Nimeiegesha nafasi ya kwanza na kila asubuhi naikalia kidogo.

Mke wangu naye kavua vitambaa vyote vya makochi. Watoto wanarukaruka juu ya makochi na yeye anawatazama tu. Kasema habari ya uwanja imemfikirisha, vitu viliwekwa vitumike, na ukivificha sana vinachukuliwa. Nikamwambia maneno mazuri hayo. Wapo watu wangefaa kuyasikia.

Mistari ya maegesho nimeichora mwenyewe wikiendi nzima. Nimevuta kamba, nimetambaa kwa magoti. Nyeupe juu ya nyeusi! Chokaa kwenye nyasi haikuwahi kunipa mstari kama huu. Ukisimama getini ukatazama, yote imekwenda sambamba mpaka mwisho, hakuna uliopinda hata unywele. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivi.

Saa mbili asubuhi likaingia gari la kwanza, la yule bwana wa mipango. Gurudumu likapita juu ya mstari. Juu ya mstari! Likaacha alama ya matope, halafu injini ikadondosha tone la oili katikati ya nafasi. Nyuma yake foleni ya wengine wanapiga honi, wote wakitaka kuingia na magurudumu yao.

Nikaenda stoo, nyuma ya nyavu. Kibao bado kizima. Nimebadilisha maneno machache tu.

MAEGESHO YAMEFUNGWA. RANGI INATIBIWA. WIKI MOJA TU.