Keki ya Mjukuu wa Kinyozi

"Kaanguka!" Wakili alitangaza kabla hata hajaketi. "Tajiri mzima, kaanguka katikati ya sherehe yake mwenyewe, na kilichomwangusha ni aiskrimu."

Benchi lililo nje ya kibanda cha kinyozi lilinyamaza kwa heshima inayostahili msiba wa tajiri. Lilikuwa benchi la watu watatu ambalo kila jioni lilibeba wanne, huku Mama Birika akiwa na kigoda chake pembeni, jiko la mkaa mbele yake na vikombe vimepangwa miguuni.

"Ilitiwa sumu?" aliuliza Mstaafu, ambaye tangu aache kazi ya posta alikuwa akipatwa na kila ugonjwa uliotajwa mbele yake.

"Sumu ya wapi? Watoto wameila hiyohiyo wakaenda kucheza. Yeye alifanyiwa upasuaji wa kupunguza unene." Wakili aliinua simu yake juu kama kielelezo mahakamani. Hakuwa wakili hata kidogo. Aliuza vipuri vya baiskeli ng'ambo ya barabara, ila hakuwahi kumuuzia mtu mnyororo bila kwanza kumhoji kwa nini ule wa zamani ulikatika. "Wamemkata tumbo, wakamwachia kijisehemu kama ndizi. Sasa bwana mkubwa kavamia bakuli la aiskrimu kwa pupa, sukari ikashuka mbiombio kwenye utumbo, akalala kwenye kochi wageni wakimpepea kwa kadi za mwaliko."

"Kumbe mzima," alisema Mama Birika, akaonekana kuvunjika moyo kidogo. "Mtu ana uwezo wa kununua kiwanda cha aiskrimu, halafu analipa watu wamkate tumbo asiweze kuila. Nyie wanaume mna kazi."

Fundi wa cherehani aliyeketi mwisho wa benchi, ambaye wote walimwita Kocha, aliinamia kahawa yake isiyo na sukari akaitazama kwa makini mno, kana kwamba kuna uzi umedondokea ndani.

Hakuitwa Kocha siku zote. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa Lori. Wakati wa Lori, kila alipoketi mwisho mmoja wa benchi, Kinyozi alipiga kelele kutoka mwisho wa pili, "Shikeni birika!" na watu wakacheka kana kwamba utani ule umezaliwa jioni hiyo. Lori naye alicheka, kwa kuwa mtu mnene asiyecheka huambiwa ana hasira za unene. Kisha mwaka juzi akaaga kwamba anakwenda mji mwingine kumuuguza shangazi yake. Aliporudi, shati lilimning'inia kama pazia, na miezi ilivyosonga akazidi kupungua, hadi siku moja benchi zima likamuuliza siri yake ni nini. Alikuwa na nia ya kusema kweli. Ila nyuso zile nne zilikuwa zimemgeukia kwa namna ambayo hazijapata kumgeukia maishani, zikingoja neno litakalotoka kinywani mwake.

"Kutembea," alisema.

Alijiahidi kurekebisha kesho yake. Kesho yake, kabla jua halijachomoza, aliwakuta Wakili, Kinyozi na Mstaafu mlangoni pake, wamevaa raba, wakisubiri maelekezo. Tangu hapo akawa Kocha. Watu walimsalimia kwa kushusha sauti. Vijana walimwuliza habari za magoti. Mkewe na daktari ndio pekee waliojua kwamba tumbo lake limebaki kijisehemu kama ndizi.

"Mimi huo nauita udanganyifu," alisema Kinyozi, akikunja taulo begani. "Mtu unapunguzwaje kama nywele? Kipande hiki sitaki, kata. Mwili ni jasho, bwana. Muulizeni Kocha."

"Muulizeni Kocha!" aliitikia Mstaafu.

"Labda naye ana sababu zake," alisema Kocha taratibu. "Upasuaji si lele mama. Na baada ya hapo mtu anaishi kwa adabu. Anaanza na nyama, mayai, maharage. Kitu kitamu kinakuja mwisho kabisa, kijiko kimoja, tena polepole. Akikosea, mwili unamwadhibu papo hapo."

Wakili aligeuka mzimamzima. "Wewe umeyajua wapi hayo?"

"Nilisoma."

"Ulisoma wapi, wakati mimi ndiye ninayesoma hapa?"

Kinyozi ndiye aliyemwokoa, au ndivyo Kocha alivyodhani. Aliingia kibandani akatoka na boksi jeupe amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa: bintiye alikuwa amejifungua jana, naye alikuwa babu kwa mara ya kwanza. Ndani ya boksi mlikuwa na keki ya tabaka mbili, krimu nyeupe imemwagwa juu bila huruma, jamu nyekundu ikichungulia ubavuni.

Sasa, benchi lile lilikuwa na kanuni yake. Kinacholetwa benchini huliwa na wote, na anayekataa hana budi kutaja sababu mbele ya kadamnasi, kisha benchi huamua iwapo sababu hiyo inatosha. Kwa kanuni hiyo Mstaafu aliwahi kula embe bichi akiwa na jino bovu, maana ilionekana kwamba jino moja si sababu.

"Mimi niko kwenye ratiba," alisema Kocha, kama alivyosema siku zote, na siku zote ilikubaliwa.

"Pingamizi!" Wakili alisimama. "Kwa habari ya leo, jambo hili linachukua sura mpya. Mtu asiyegusa kitu kitamu. Mtu anayejua ratiba ya maharage na mayai. Mtu aliyepungua ghafla kama sabuni kwenye beseni. Jamani, sisemi kitu. Nauliza tu."

"Acha hizo, Wakili," alisema Kinyozi. "Unamfananisha Kocha na yule mdanganyifu wa kwenye simu?"

"Simfananishi. Namtetea! Nataka asafishe jina lake. Ale kipande, kesi ifungwe."

"Tena mjukuu wa kwanza, shemeji," alisema Mama Birika, akimwonea huruma Kinyozi zaidi ya tumbo la mtu yeyote. "Ukikataa ya mjukuu, ya nani utakula?"

Kocha alitazama kipande alichokatiwa. Alijua kwa hakika kabisa kitakachofuata, kwa kuwa yaliwahi kumkuta jikoni kwake, kwa ajili ya biskuti nne tu na soda nusu chupa. Alijua pia kwamba akikataa, jina la Kocha halitalala. Hivyo basi, mwanamume aliyevumilia kisu kwa ajili ya kujiepusha na keki alilazimika kula keki ili asijulikane kwamba alipigwa kisu. Hata yeye aliuona upuuzi huo. Aliuona, akafungua kinywa.

Balaa lenyewe ni kwamba ilikuwa tamu. Hakuwa amekula kitu cha namna ile karibu miaka miwili. Krimu iliyeyuka kabla hajaitafuna, na hapo kila alichofundishwa na daktari kikaondoka bila kuaga. Alikula upesi, akalamba kidole gumba, na Mama Birika alipomkatia cha pili hakutaja ratiba.

"Kesi imefungwa," alisema Wakili kwa masikitiko ya mtu aliyeshindwa kihalali.

Mazungumzo yakahamia kwenye jina la mtoto. Kinyozi alitaka aitwe kwa jina la babu yake, yaani yeye. Mstaafu alionya kwamba mtoto akipewa jina la mtu aliye hai hurithi na maradhi yake, akaanza kumhoji Kinyozi kuhusu figo. Walikuwa bado kwenye figo Mama Birika alipoacha kumimina.

"Kocha, mbona unalowa?"

"Joto."

"Joto gani jioni hii, na shati limekugandia kama umetoka mtoni?"

"Joto la... la kawaida." Aliushika ukingo wa benchi. Moyo ulikuwa ukikimbia kama cherehani iliyoachiwa kanyagio, tumbo limejinyonga, na barabara yote, pamoja na duka la vipuri la Wakili, ilikuwa imeanza kuelea.

Wakili alichomoa simu taratibu. Uso wake ulikuwa umepata nuru. "Dalili ya kwanza," alisoma. "Jasho jingi la ghafla."

"Analo," alithibitisha Mstaafu.

"Moyo kwenda mbio."

Kinyozi aliweka kiganja kifuani pa Kocha akakitoa haraka, kama aliyegusa pasi. "Mama yangu!"

"Tumbo kusokota."

"Uuuh," alisema Kocha.

"Hilo tuandike ndiyo. Kizunguzungu, udhaifu, na kutaka kulala chini."

Kocha alikuwa ameshalala. Benchi lote lilikuwa lake, wengine wamesimama wakimwinamia, na Mstaafu alijipapasa kifua akasema kwamba hata yeye anahisi dalili mbili kati ya hizo.

"Nyamaza wewe!" Mama Birika alivua kanga ya begani akaanza kumpepea mgonjwa. "Tumwite daktari?"

"Hapana," Kocha alinong'ona akiwa amefumba macho. "Inapita yenyewe. Niacheni nilale tu. Daktari alinieleza."

Maneno yale mawili ya mwisho yalining'inia hewani.

"Daktari gani?" Kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo.

Mtu aliyelala chali, jasho likimwingia masikioni, hana tena mahali pa kuficha kitu. Kocha aliwaambia. Aliwaambia habari za hospitali, za kovu dogo chini ya mbavu, za miezi ya supu na vijiko vya mtoto.

"Na shangazi?" aliuliza Mstaafu.

"Sina shangazi."

"Nilimwombea!" Mstaafu alipaza sauti iliyopasuka. "Kila usiku nilimwombea yule mama! Nikamwombea hadi nikaanza kuumwa palepale alipokuwa anaumwa!"

"Na matunda yangu niliyompelekea?" alidakia Mama Birika, akasitisha kupepea. "Nani aliyakula?"

"Mke wangu. Alisema mazuri sana."

Mama Birika alifikiria, akaendelea kupepea, japo kwa nguvu pungufu kuliko mwanzo.

Kinyozi hakucheka. Hilo ndilo Kocha aliloliogopa, na aliliona alipofungua jicho moja. Alikuwa amesimama na kisu cha keki mkononi, krimu ikidondoka kwenye kiatu, na alionekana si mtu aliyekasirika bali aliyepoteza kitu njiani.

"Alfajiri zote zile," alisema. "Mvua ikinyesha. Yule mbwa wa kona. Mke wangu akiniuliza unakwenda wapi, namwambia nakwenda kuwa kama Kocha."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ngoja kwanza." Uso wa Kinyozi ulianza kubadilika, polepole, kama mtu anayepiga hesabu na kuona inampendelea. "Ngoja. Wewe ulikatwa. Lakini sisi je? Sisi hatukukatwa." Aliushika mkanda wa suruali yake akauvuta mbele, vidole vinne vikaingia kiunoni. "Tazameni! Suruali hii ilikuwa inanikaba! Nani alinikata mimi?"

"Hakuna!" Wakili alirukia, naye tayari ameshika kiuno chake. "Na mimi hii hapa! Inacheza!"

Hapa yafaa msomaji ajue jambo ambalo benchi halikulijua. Mwezi ule wa kwanza wa matembezi, Kinyozi alimpelekea Kocha suruali ile aitie zipu mpya. Fundi akampima, akakuta kiuno kimeongezeka, kwa kuwa matembezi yao ya kila asubuhi yaliishia kwenye duka la mikate ya moto, ambako walijipongeza. Hakuwa na ujasiri wa kumwambia. Nyuma ya kila suruali iliyoshonwa vizuri huachwa kitambaa cha akiba ndani ya mshono; alifumua, akaachia akiba yote, akapiga pasi, akatia na zipu. Kinyozi alipoivaa alipiga kelele za furaha hadi barabarani. Wiki iliyofuata Wakili akaleta yake, eti kifungo kimelegea. Kisha Mstaafu. Kwa sasa hapakuwa na akiba iliyobaki katika suruali yoyote ya benchi lile.

Kocha alifumbua kinywa. Ilikuwa siku ya kusema kweli, na kweli moja zaidi isingeongeza uzito wowote. Neno moja tu, na wale waliomhukumu wangeketi naye kizimbani. Alimtazama Kinyozi, babu wa siku moja, aliyesimama katikati ya kijia, anazunguka taratibu ili wapita njia waone nafasi iliyo kiunoni mwake.

Akafumba kinywa.

"Kwa hiyo," Wakili alihitimisha, "benchi linaona kwamba mshtakiwa alidanganya, ila mafundisho yake yalikuwa ya kweli. Ushahidi ni sisi. Cheo cha Kocha anavuliwa leo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyefichua, nakibeba mimi. Kuna anayepinga?"

"Na huyu tumwite nani?" aliuliza Kinyozi. "Turudie Lori?"

"Lori gani, hana hata mzigo," alisema Mstaafu.

"Mwiteni Shangazi," alisema Mama Birika.

Walicheka hadi Mstaafu akalazimika kushikwa. Fundi, aliyeanza kurudiwa na rangi, naye alicheka, na kwa mshangao wake hakulazimika kujitahidi. Aliketi. Kinyozi aliketi kando yake, akamsogezea kikombe cha maji, akasema bila kumtazama kwamba asubuhi wataondoka muda uleule, na kwamba anaruhusiwa kufuata nyuma, ajifunze namna watu halisi wanavyopungua.

"Nitakuja."

Wakagawana keki iliyobaki, bila yeye, na kila mmoja akashika njia yake. Wakili alifika katikati ya barabara akageuka.

"Eh, Shangazi! Kesho nitakuletea ile suruali yangu ya kijivu. Imeanza kunibana kidogo. Mke wangu kabadilisha sabuni ya kufulia."

Fundi alilitafakari jambo hilo kwa uzito unaostahili.

"Sabuni za siku hizi," alisema, "hazifai kabisa. Ilete."