Uvimbe wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Kesho daktari anamkata mama mkwe kipande cha uvimbe shingoni. Kitaletwa maabara kwetu! Mama mkwe kasema heri kingepelekwa kwa mtu mwenye kazi ya maana. Miaka tisa ananiita muosha chupa. Wiki hii atanitambua.

Jumanne, 5 Machi
Kinyama kimefika, kidogo kama harage. Dawa ya kukihifadhi kisioze nimechanganya mwenyewe. Karatasi ya ukutani inasema fomalini sehemu moja, maji tisa, na chumvi mbili za kutuliza ukali. Hiyo ni ya wasio na haraka. Nimetia fomalini mara mbili, majibu yawahi. Machozi, kamasi! Bi Miwani, mwenzangu wa maabara, akauliza ninalilia nini. Nikamwambia mapenzi ya familia. Akaguna. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Nimekuta chumvi zote mbili bado ziko kwenye mizani. Sikuzitia! Bila chumvi, dawa huacha vidoa vyeusi kwenye kinyama. Daktari haoni kitu kwenye hadubini. Mama mkwe angekatwa tena, shingo ile ile, kwa sababu yangu. Nikaenda kwa Bi Miwani nikaungama yote. Akaendelea kubandika lebo. Akasema kinyama hakikukaa kwenye dawa yangu hata dakika tano. Aliinusa tu, akakihamishia kwenye yake.
“Mkweo ulitaka kumtibu au kumkausha?”
Nikalia. Safari hii si fomalini.

Ijumaa, 8 Machi
Si saratani! Mke wangu alikaa sakafuni, anacheka huku analia. Mama mkwe akanishika mikono yote miwili, akasema ahsante mwanangu. Mwanangu! Nusura ninyamaze. Lakini nikasema ukweli, kwamba mkono uliookoa kinyama ulikuwa wa Bi Miwani. Akasema basi ahsante kwa kufanya kazi karibu na watu wenye akili. Mikono hakuiachia. Nashukuru hata kwa hilo.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka moyo umejaa shukrani. Wema wa Bi Miwani haufai kwenda bure. Jumatatu ana slaidi arobaini, vile vioo vya hadubini, za kutia rangi, kazi ya asubuhi nzima. Nitamtangulia kazini, niikoleze rangi yake ya zambarau mara mbili, amalize upesi. Simwambii. Atashangaa mwenyewe!