Mizani Imekwama, Nywele Zinahama

Jumatatu, 4 Juni 1973

Mizani imekataa tena. Ratili mia moja tisini na nane. Jumatatu iliyopita hivyo hivyo. Ile ya kabla yake hivyo hivyo. Nikaona wazi kwamba imekwama. Nikamwita mume wangu, Irungu, apime gunia la maharagwe. Mizani ni yake, anauza nafaka, inakaa nyuma ya duka. Gunia likapimwa. Sawasawa kabisa! Kwa hiyo mizani inasema kweli kwa maharagwe, na kwangu mimi, Rahab Waceke, mwenye hoteli, mke wa ndoa ya kanisani, inasema uongo.

Irungu akauliza kama nimeshiba leo. Nikashuka kwenye mizani.

Ni heri niandike sababu, nisije nikalegea. Mwezi wa pili daktari alitazama kidonda cha mguu wangu, kile kilichokataa kufunga tangu nijigonge kwenye jiko. Akasema sukari imepanda. Akasema nipunguze mwili, la sivyo mguu huu… Hakumaliza. Hakuwa na haja. Mama yangu alizikwa Murang'a na mguu mmoja. Mimi ndiye niliyemfunika. Nakumbuka mkono wangu ulivyopita juu ya blanketi, upande ule, ukakuta hakuna kitu.

Tangu siku hiyo: asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana chungwa, jioni chai ya rangi. Mwanzoni mwili ulishuka kama maji ya mtaro. Sasa umesimama. Mpango mpya: chungwa nusu.

Jumatano, 6 Juni

Balaa juu ya balaa. Nywele zinatoka. Si moja moja. Kichana kimejaa, mto umejaa. Utosini nimegusa ngozi tupu, laini kama kisogo cha mtoto mchanga. Nimelia kidogo, kimya, kisha nimefunga kitambaa.

Nikavuka barabara kwenda kwa Dorca Amolo, nikijifanya nimeishiwa na chumvi. Dorca naye ana hoteli. Zamani alikuwa mnene kunishinda. Alipokuwa Muhoroni akiwapikia wakata miwa alikuwa hapiti mlangoni bila kugeuka upande. Amerudi mwembamba, na nywele amejaliwa kichwa kizima, zimesimama kama kichaka! Nikamwuliza siri, kwa ujanja, kana kwamba naulizia mtu mwingine.

Akasema yeye anakula. Samaki, mayai, maharagwe, mboga nyingi, ugali kidogo tu. Na asubuhi anatembea mpaka ziwani na kurudi. Kisha akanishika mkono: "Mama Gakenia, mwambie huyo mtu mwingine ale."

Nani alipungua kwa kula? Anataka ninenepe, niugue, achukue wateja wangu. Chumvi nilimwachia hapo hapo mezani.

Ijumaa, 8 Juni

Siku ya aibu. Mwalimu Oketch, mstaafu, ambaye hula kwangu kila adhuhuri, aliinua kijiko cha supu ya samaki, akasimamisha mkono hewani. Unywele. Mrefu. Akautoa kwa vidole viwili, akaulaza ukingoni mwa sahani kama mtu anayesahihisha mtihani. Akauliza, kwa sauti ya darasani, ni wa nani.

Nikasema ni wa Nekoye. Neno lilitoka kabla sijalifikiria.

Nekoye ndiye mpishi wangu. Mtu wa Bungoma, mtulivu, tumeanza naye hoteli hii tukiwa na sufuria mbili tu. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Nikamwamuru afunge viwili. Alichukua kitambaa cha pili, akakifunga. Kisha akasema, "Sawa, Mama."

Jioni nilikaza changu pia. Lakini jikoni kuna joto, nami nakuna. Kichwa kinawasha mno.

Jumapili, 10 Juni

Muuza samaki mmoja aliniapia kwamba mafuta ya samaki mumi huotesha nywele hata juu ya jiwe. Nilijipaka usiku, nikafunga, nikaenda nayo kanisani.

Paka mmoja alinifuata kutoka sokoni. Kwenye kona walikuwa watatu. Niliwafukuza kwa Biblia. Walirudi. Wakati wa maombi mmoja alipanda benchi langu, akaketi, akanitazama kwa heshima kubwa kuliko waumini wengi. Irungu alisogea. Dorca, aliyekuwa nyuma yangu, alihama benchi, akidai kwamba kuna upepo dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Nimeosha kichwa kwa sabuni ya kufulia. Nywele zimezidi kutoka. Paka mmoja bado yuko mlangoni.

Jumanne, 12 Juni

Unywele mwingine, safari hii kwenye sukuma wiki. Makarani wawili waliacha sahani wakavuka barabara. Kwa Dorca!

Nikasimama katikati ya hoteli, nikatangaza kwamba ukionekana unywele mwingine, kuna mtu atafunga virago vyake arudi kwao. Sikumtaja. Nilimtazama tu.

Nusu ya chungwa nayo nimeiacha. Mizani: mia moja tisini na nane.

Jumatano, 13 Juni

Lazima niandike.

Asubuhi Nekoye alifika akiwa amenyoa. Kichwa chote, kwa wembe. Kinang'aa. Kitambaa amekikunja, amekiweka mfukoni mwa aproni. Aliwasha jiko, akapika mpaka adhuhuri. Mimi nilipakua, kama kawaida yangu.

Mwalimu Oketch akaagiza supu. Akakoroga. Akaacha kukoroga: unywele tena.

Hoteli nzima ilitazama kichwa cha Nekoye. Kisha, polepole, wakageuka wakatazama kitambaa changu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwalimu Oketch alisema "Yawa," jamani ya Kijaluo, kwa sauti ndogo, akaweka kijiko chini kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili.

Nekoye alivua aproni. Aliikunja vizuri, akaipiga piga isiwe na unga. Akasema, "Mama Gakenia, nywele zangu zitaota. Jina langu nalo litaota lini?"

Akatoka. Nilitaka kumwita. Nilijikuta namwambia mteja kwamba ugali umekwisha.

Alhamisi, 14 Juni

Nekoye ameonekana kwa Dorca, anamenya viazi. Nilijua! Huu ulikuwa mpango wao tangu mwanzo. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo. Mpaka jioni nilikuwa bado sijayaamini maneno yangu.

Ijumaa, 15 Juni

Niliamua kupika peke yangu. Mpishi ni nini? Ni mtu na mwiko.

Nilikuwa nasonga ugali. Ukuta ulikuja karibu, kisha ukaondoka. Nilisikia mwiko ukianguka kabla sijajua kwamba mimi pia naanguka. Mungu alinielekeza upande wa magunia ya makaa, si upande wa jiko.

Irungu alinibeba. Irungu, ambaye mgongo wake haumruhusu tena kuinua hata debe la mahindi. Alinibeba mpaka barabarani, akasimamisha gari la mtu, akanipeleka zahanati. Sikumwona uso. Nilimsikia akihema.

Sista Awuor alinipima, akaniuliza nimekula nini. Nikasema chai. Akauliza jana. Nikasema chai. Akaweka kalamu chini. Akasema mwili ukinyimwa chakula hufikiri njaa imeingia nchini. Unafunga milango, unashikilia kila ratili uliyo nayo. Na kile usichokihitaji ili uishi unakiacha kidondoke, nywele zikiwa za kwanza. Akasema hata kidonda hakiwezi kufunga, maana kinajengwa kwa nini? Kwa chai? Nile samaki, mayai, maharagwe, mboga. Ugali kiasi cha ngumi. Nitembee. Nywele zitarudi zenyewe baada ya miezi.

Maneno ya Dorca, moja baada ya jingine! Nilimwuliza Sista kama wanafahamiana. Aliita mgonjwa mwingine.

Nyumbani Irungu alinifungua kitambaa nipate hewa, kabla sijaweza kumzuia. Akaona kila kitu. Nilifumba macho, nikangoja. Alipitisha mkono juu ya utosi wangu, taratibu, kama anavyopitisha kwenye nafaka kutafuta mawe. Akasema, "Mimi nilioa mtu, Waceke. Sikuoa gunia. Kwa nini kila asubuhi uende kujipima?"

Nikamwambia habari ya mguu. Ya blanketi. Kumbe sikuwa nimewahi kumwambia. Aliinama akakifunga kidonda upya, akakaa hapo chini kwa muda mrefu, ameshika kisigino changu.

Jumatatu, 18 Juni

Nimekula yai. Nilihisi kama mwizi.

Hoteli imefungwa. Nilimtuma Irungu ampelekee Nekoye leso mpya, nzuri, ya maua mekundu. Leso imerudi. Mpango wa pili: apelekewe habari kwamba niko karibu kukata roho. Irungu alikataa kusema uongo. Nikamwambia aseme tu kwamba nimelala na sisemi. Hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa nililala na nikanyamaza.

Nekoye alikuja mbio. Kwa bahati mbaya Dorca alikuja naye. Walipiga magoti. Dorca aliniombea dua ndefu, ya machozi, akitaja wema wangu mmoja mmoja, hata ule wa kumpa makaa mwaka wa mvua nyingi, ambao nilikuwa nimeusahau. Hali ilikuwa mbaya. Huwezi kufufuka katikati ya dua kama ile. Jasho lilinitoka. Nekoye akafungua kitambaa changu anipanguse. Mkono wake ukasimama utosini.

"Amka, Mama," akasema. "Maiti haitoi jasho."

Nikaamka. Dorca alisema "Amina" kwa mazoea.

Nikamwomba Nekoye arudi. Nikataja mshahara. Akasema si mshahara. Akasema nilimsingizia mbele ya watu, basi nimsafishe mbele ya watu hao hao. Akaondoka. Dorca alibaki nyuma kidogo, akaweka bakuli la maharagwe juu ya kiti, akamfuata.

Nimeyala. Yalikuwa na chumvi ya kutosha.

Jumatano, 20 Juni

Nilifungua hoteli. Wateja walikuja, wengine kwa njaa, wengine kwa umbeya. Nekoye alikaa meza ya mlangoni, mikono kifuani, kichwa wazi.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nikaanza kwa kusema kwamba Kisumu kuna upepo mkali utokao ziwani, na kwamba upepo, kama tunavyojua sote, hubeba vitu vingi. Nekoye akainuka kwenda zake.

Sijui kilichonipata. Mkono ulipanda wenyewe, ukavuta kitambaa. Nikasimama hivyo, mbele ya makarani, mbele ya makuli wa bandarini, mbele ya Mwalimu Oketch, na vishungi vyangu vilivyobaki, na utosi wangu. Nikasema, "Zilikuwa zangu. Zote. Yeye hana kosa. Mimi naumwa, niliogopa."

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni, basi.

Nekoye alinipita bila kunitazama. Akachukua aproni msumarini, akaifunga. Mwalimu Oketch akavuta kiti karibu na meza, akasema, "Nekoye, nipe supu."

Na wote wakaagiza supu.

Alipomaliza kupakua aliniletea sahani: samaki ngege mzima, mboga, ugali wa ngumi moja. Akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Amesema atasimama hivyo kila siku.

Jumamosi, 18 Agosti

Sijaandika muda mrefu. Nimekuwa nikila.

Leo ni siku kuu. Sista Awuor amefungua bandeji, akaitazama, akaitupa. Kidonda kimefunga! Ngozi mpya, ya waridi, nyembamba. Niliugusa mguu wangu pale kwenye benchi, nikaugusa tena, mpaka mgonjwa wa pembeni akauliza kama umekufa ganzi. Sukari imeshuka. Mizani imekubali: mia moja themanini na tisa. Na utosini kumeota vinywele vifupi, vigumu, kama vya brashi ya viatu. Irungu amevipapasa asubuhi yote mpaka nikamfukuza aende dukani.

Sista akasema, unaona sasa, chakula na kutembea. Nekoye akasema vivyo hivyo. Dorca, ambaye tunatembea naye kila asubuhi mpaka ziwani, akasema vivyo hivyo. Niliwaitikia kwa adabu. Ni watu wema, lakini hawajui mambo.

Ukweli ninaujua mimi. Wiki iliyopita alipita mchuuzi kutoka Katito, akaniuzia mizizi fulani ya kuchemsha. Chungu kupita kiasi! Niliinywa mara mbili, na mara zote mbili ilirudi ilikotoka kabla sijaweka kikombe chini. Hata hivyo tazama matokeo! Mguu, mizani, nywele! Kama imefanya hivi bila kukaa tumboni, ikikaa itakuwaje?

Mchuuzi ataleta debe zima Jumatatu. Nimemwahidi Mwalimu Oketch kikombe cha kwanza, kwa ajili ya magoti yake. Dorca nitamwuzia kwa bei ya jirani.

Kesho naacha samaki na maharagwe. Yanaizuia dawa kufanya kazi. Nekoye asijue.