Ombi la Kurudishiwa Mkono

Makina, Kibera
Novemba 1995

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Dawa za Moyolin,

Pokea salamu za mwalimu mstaafu mwenye presha, ambaye moyo wake, kwa maelezo ya daktari, unafanya kazi kwa hisani tu. Kwa kuwa sitegemei kuuona mwaka mpya, naomba kuyaleta malalamiko yangu ningali na pumzi ya kuyapanga kwa nambari.

1. Mwavuli. Mlinipa mwavuli mzuri wenye jina la Moyolin kwa maandishi mekundu. Tangu hapo, mvua ikinyesha, Makina nzima inajua mimi ni mtu wenu. Juzi nilimwomba Sifuna, mwenye duka la dawa kule Olympic, anipe vidonge kwa mkopo. Akautazama mwavuli, akacheka. "Mwalimu, mtu wa kampuni hakopeshwi. Wewe chota kisimani." Nimelowa mara mbili kwa makusudi ili niaminike, na sasa nina kikohozi pia.

2. Kalenda. Ina picha ya mzee wa umri wangu akikimbia ufuoni na mbwa wake, kwa nguvu za Moyolin. Kwa bei yenu, mimi humeza nusu kidonge. Nusu nyingine ni ya mke wangu Kavetsa, mgonjwa mwenzangu. Naomba wataalamu wenu waamue ni nani kati yetu akimbie na nani abaki na mbwa.

3. Mkono. Hapa, Mheshimiwa, naungama, maana siwezi kwenda na jambo hili kaburini. Utakumbuka mkutano wa mageuzi ya afya mlioudhamini hotelini, nami nikawa mwakilishi wa wagonjwa wa Kibera. Hoja ilikuwa kwamba daktari aandike jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni, ili mgonjwa aweze kununua vile vidonge vya mkebe: dawa ile ile, kwa bei ya sukuma wiki. Mlituletea kuku kabla ya kura. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa mezani, na kwetu Maragoli firigisi ni ya mkubwa. Hilo halina mjadala. Nikachokora sahani. Paja lipo, kidari kipo, hata shingo. Firigisi hakuna! Nikainua mkono nimwulize mhudumu ilikokwenda. Kumbe mwenyekiti alikuwa ameuliza ni nani wanaopinga hoja. Hoja ikaanguka kwa mkono mmoja. Makofi yalikuwa mengi hata nikadhani firigisi imepatikana.

Nilipomweleza Kavetsa wiki iliyopita, aliweka mwiko chini. "Baba Annet, ulienda kutuwakilisha sisi au tumbo?"

4. Dawa ya haya yote. Ikiwa firigisi moja, tena ambayo sikuila, iliweza kushikilia bei juu kwa nchi nzima, basi firigisi iliyoliwa yaweza kuishusha. Kwa hiyo naomba mnirudishie mkono wangu kwa kuiandikia kamati ya mkutano ule kwamba ulihusu mambo ya jikoni. Mkishindwa, njoo kwetu kwa chakula cha mchana. Kavetsa ana jogoo mmoja. Firigisi nitakupa wewe, heshima ambayo sikumpa hata mkwe wangu. Ukiwa unatafuna, nitauliza kwa sauti ni nani anayekubali bei ipungue. Ukitaka hata chumvi, inua mkono.

Wasalimie makarani, madereva na askari wa lango. Mbwa wa kalenda naye asisahauliwe.

Ni mimi, nipumuaye kwa awamu,
Mwalimu Phanuel Agesa

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mjumbe wako ameleta mwaliko. Kura itarudiwa Jumatano, na chakula kipo kama kawaida. Chini umeongeza kwamba yule mhudumu alikusimulia, na kwamba safari hii firigisi imetengwa kwa jina langu. Basi puuza nambari zote nne. Mkono na ubaki kwenu. Kavetsa amefurahi mno kusikia kura inarudiwa. Amenipa nusu yake ya kidonge, nifike Jumatano nikiwa na nguvu za kuinua mkono. Mstari wa firigisi sikumsomea.